Siku Nilipoivika Gemu Gunia Bichi

Niseme mapema ili tusigombane: ni mimi niliyeiua gemu ya kwanza kufika mtaa wetu pale Voi. Wapo watu wazima leo wanaodai ulikuwa umeme, wengine husema ni joto la mwezi wa pili, na mmoja, ambaye siku ile hata hakuwepo, huapa kwamba ni panya. Ni mimi. Nilikuwa darasa la sita na nilijiona najua kila kitu, na mtoto wa aina hiyo ni wa kuogopwa kuliko panya.

Gemu yenyewe ilikuwa ya rafiki yangu. Nyumba yao na yetu zilitenganishwa na ukuta mmoja, tena mwembamba, kiasi kwamba mamake akikohoa upande wao, nyanya yangu upande wetu alimwambia pole. Sisi tulikuwa watu wa milima ya Sagalla tulioshuka mjini kufuata kazi ya baba. Wao walikuwa Waislamu wenye asili ya pwani, na walikuwa Voi tangu zamani za babu zao. Babake rafiki yangu alikuwa Uarabuni akiendesha malori, na ilikuwa miaka mitatu hajarudi.

Mwaka ule alimpa mtu aliyekuwa akirudi nyumbani boksi la kuleta. Ndani mlikuwa na mashine nyeupe isiyozidi ukubwa wa Biblia ya nyanya, pedi mbili za kuchezea, kaseti moja ya manjano, na adapta nyeusi ya kuchomeka kwenye umeme, nzito kama jiwe la mizani. Kaseti ile ilikuwa na mashindano ya magari. Ulichagua gari, ukaendesha, ukapinda, ukaingia mtaroni, ukaanza upya. Televisheni yao ilikuwa ya rangi mbili tu, nyeusi na nyeupe, kwa hiyo magari yote yalikuwa ya rangi ya jivu. Hakuna aliyelalamika.

Pamoja na boksi ilikuja barua. Rafiki yangu alinisomea mara nyingi hata nikaijua kwa moyo. Babake aliandika: "Jifunze vizuri. Nikija Idd tutashindana mimi na wewe, na usidhani nitakuhurumia kwa kuwa wewe ni mwanangu."

Nilidhani barua ile ilimfurahisha tu. Kumbe ilimtia hofu pia. Siku moja tulikuwa tumeketi kwenye ngazi ya mlango wao akaniambia, bila kunitazama, "Unajua, sauti yake siikumbuki vizuri. Akija nitamwambia nini?"

"Utamwambia shikamoo."

"Na baada ya shikamoo?"

Nikajaribu kufikiria kukaa na mtu mzima ambaye ni babangu na bado ni mgeni, nikaona ni kazi ngumu kuliko hesabu za kugawanya.

"Tutacheza gemu," akajijibu mwenyewe. "Tukicheza, maneno yatakuja."

Basi tukafanya mazoezi. Mtaa mzima ulifanya mazoezi, maana watoto walijaa pale hadi mamake akalazimika kuweka sheria. Sheria yenyewe aliichukua bombani. Mtu asiyewahi kuishi Voi ya wakati ule huenda haelewi. Maji hayakuwa yakitoka kila siku. Kwa hiyo mitungi ililala foleni bombani, mmoja nyuma ya mwingine, na wenyewe walikwenda zao. Maji yakija, zamu ilikuwa ya mtungi, si ya mtu. Kama mwenyewe yuko sokoni au amelala, jirani wa nyuma alimsukumia mtungi mbele na kumkingia maji. Hata waliokosana walisukumiana mitungi huku wamenuniana. Mtungi wa jirani haurukwi.

Kwa kuwa kila mtoto alivua viatu mlangoni kabla ya kuingia, mamake alisema viatu ndivyo vitapiga foleni. Aliyemaliza zamu alizirudisha ndara zake nyuma kabisa, na wengine wakasogeza mbele. Nami nilikuwa na ndara za bluu, ya kushoto mkanda wake umeungwa kwa waya. Nakiri nilikuwa nikizisukuma kwa kidole cha mguu nikidhani sionekani. Rafiki yangu alikuwa akizirudisha nyuma.

Ramadhani ikaingia, na joto la mwezi wa pili nalo likaingia. Rafiki yangu alikuwa anafunga. Tukitoka shule alikaa mbele ya gemu, kwa sababu alisema gari likienda kasi njaa inasahau njia. Kabla ya kuchomeka kaseti aliipuliza na kusema Bismillahi. Mimi nilipuliza tu, nayo kaseti ilinikatalia mara nyingi zaidi, jambo lililoniudhi sana.

Kasoro ya ile gemu ilikuwa moja: haikukumbuka kitu. Ukiizima, umerudi mwanzo. Jioni moja, zikiwa zimebaki kama siku kumi na mbili Idd ifike, rafiki yangu alivuka mzunguko wa saba. Hakuna mtoto wa mtaa aliyewahi kuuona wa nane. Tulisimama wote. Na hapo hapo mtu akapiga kelele nje, "Maji! Maji yamekuja!"

Watoto wakatoka mbio, maana hakuna gemu iliyowahi kushinda maji. Rafiki yangu akasimamisha gari, mchezo ukaganda, akanishika mkono. "Kaa hapa uilinde, mtu asije akaizima. Mtungi wako nitausukuma mimi."

Nikabaki peke yangu sebuleni. Mamake alikuwa jikoni anakaanga kaimati za futari. Nikaigusa adapta nikarudisha mkono haraka. Ilikuwa ya moto. Ilikuwa ikifanya kazi tangu tulipotoka shule, na sasa ilinuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Nikaiona gemu inakufa mikononi mwangu, nimeachiwa mimi, mzunguko wa nane unangoja.

Sasa, kwetu nilikuwa na kazi moja ya kila siku, na niliifanya kwa majivuno. Mtungi wa maji ya kunywa tuliuvika gunia, na asubuhi na mchana nililimwagia gunia lile maji. Upepo ukipita, maji ya ndani yanapoa hata meno yanauma. Voi nzima ilifanya hivyo. Kitu kikiwa cha moto, unakivika gunia bichi. Tangu nizaliwe sikuwa nimeona dawa hiyo ikishindwa.

Nikatoka mbio hadi kwetu, nikaufungua mtungi gunia lake, nikalilowesha upya, nikalikamua kwa adabu zote, nikarudi. Nikaizungushia adapta mara mbili, na kipande kilichobaki nikakilaza juu ya mashine. Kisha nikafunga kwa kamba ya mkonge, fundo zuri kabisa. Nikasogea nyuma kwenye mkeka kuitazama kazi yangu. Leo nikikumbuka, namshukuru Mungu kwa ule mkeka na kwa kule kusogea.

Ikalia paa! Ukatoka moshi, televisheni ikazima, na taa ya jikoni nayo, maana fyuzi ya nyumba ilikatika. Nikamsikia mamake rafiki yangu akiita, "Ni nini huko?" Mtu mwenye akili nyingi hajibu swali kama hilo. Niliruka mlango, nikaruka foleni ya viatu, nikakimbia peku hadi chini ya kitanda cha nyanya.

Jioni ile, nilipotoka mvunguni, nilikuta mtungi wetu mlangoni umejaa maji pomoni. Rafiki yangu alikuwa ameusukuma, ameukinga, na ameubeba hadi kwetu kabla hajarudi kwao kuona nilichomfanyia. Nililia, na siyo kwa kuogopa kuchapwa.

Ungedhani kesho yake nilikwenda kusema ukweli. Wapi! Nilijiambia huenda wakadhani ni umeme. Nilisahau kwamba nimeacha ushahidi pale pale, umefungwa kwa fundo langu. Kwetu nako mambo hayakuwa mazuri. Baba alikunywa maji, akakitazama kikombe, akauliza kama siku hizi tunachemsha ya kunywa mezani. Mama akauliza gunia la mtungi liko wapi. Nikasema labda ni upepo. Akauliza ndara zangu ziko wapi, maana nilikuwa navaa viatu vya shule hata kwenda chooni. Nikasema labda ni mbwa. Siku ya tatu nyanya, ambaye macho yake yalikuwa mabovu lakini masikio mazima, aliniita karibu na kiti chake.

"Mjukuu wangu, upepo umechukua gunia, mbwa amechukua ndara, na huko ng'ambo ya ukuta gemu haiimbi tena. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nenda."

Nikaenda. Nilipitia mlango wa nyuma, wa jikoni, kwa sababu mlango wa mbele ulihitaji ujasiri ambao sikuwa nao. Nikatoa shikamoo. Mamake akaitikia marahaba, akanyoosha mkono nyuma ya mlango, akatoa gunia letu likiwa limekauka na limekunjwa vizuri.

"Hebu niambie, mwanangu," akasema, "ile gemu ilikuwa na homa?"

Nikaeleza yote, kuanzia adapta hadi kamba. Alijaribu kukaza uso lakini akashindwa. Alicheka hadi akaketi juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akajifuta machozi kwa leso, akaniambia nimshukuru Mungu kwamba umeme haukunichukua mimi. Rafiki yangu alikuwa amesimama mlangoni. Yeye hakucheka.

"Babangu anakuja wiki ijayo," akasema. "Sasa nitamwambia nini?"

"Nisamehe."

"Toka. Usikanyage hapa tena."

Ndara zangu sikuthubutu kuziulizia.

Mamake alinipa ile mashine na adapta ndani ya kikapu. Aliyeilowesha ndiye ataipeleka kwa fundi, akasema, na hilo lilikuwa haki. Fundi wa redio alikuwa na kibanda karibu na soko, kimejaa redio zilizofunguliwa matumbo. Alifungua mashine, akaitazama, akanitazama.

"Nani aliiosha?"

Akaipangusa ndani kwa brashi na spiriti, akaianika juani nusu siku. Mashine, alisema, haina neno. Adapta ndiyo imekufa, na kama hiyo haipatikani Voi, labda Mombasa, na labda isiwe kabla ya Idd. Nilianza kulia tena. Fundi hakupenda mtoto amlilie kibandani.

"Wewe unasoma darasa la ngapi?"

"La sita."

"Basi piga hesabu. Mashine hii inataka volti tisa. Jiwe moja la betri ya redio lina volti moja na nusu. Unahitaji mawe mangapi?"

"Sita," nikasema, na machozi yakakatika.

Alichukua kipande cha ubao, akapigilia vibati alivyokata kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, akaunga nyaya, akaacha nafasi ya mawe sita yakae mstari mmoja. Malipo yake yalikuwa kaimati alizotuma mamake rafiki yangu, akasema atazila jua likizama. Sasa zikabaki taabu za mawe. Kununua mapya kulimaanisha kumweleza baba, na baba hakuwa mtu wa kuelezwa mambo baada ya siku kadhaa za kunywa maji ya moto. Kwetu mlikuwa na mawe sita hasa: manne ndani ya redio ya nyanya na mawili ndani ya tochi yake. Na nyanya bila redio alikuwa mtu mgumu. Kila jioni alisikiliza matangazo ya vifo ajue nani wa milimani ametutoka, na akikosa alikuwa na uhakika kwamba jioni hiyo hiyo ndiyo wametangaza mtu wa kwao.

Nilimwambia kwa sauti ndogo sana, nikitumaini labda hatasikia. Akasikia. Akageuza redio, akafungua kifuniko, akaanza kuyatoa moja moja kwa kidole gumba.

"Redio inasema kila siku," akasema. "Baba wa watu haji kila siku. Na tochi chukua. Hata ikiwaka sioni."

Nilipeleka vyote kule jikoni. Nikamweleza mamake kwamba mawe yale si mapya, yakichoka yaanikwe juani yapate nguvu, kama anavyofanya kila mtu. Rafiki yangu alikuwa chumba cha pili. Nilimsikia akikohoa kidogo, lakini hakutoka.

Babake alifika siku mbili kabla ya Idd. Niliona kupitia dirisha letu. Alikuwa mrefu, mwembamba kuliko picha iliyokuwa sebuleni kwao, na begi lake lilikuwa na mkanda mwekundu. Rafiki yangu akatoka nje, akatoa shikamoo, akambusu mkono. Kisha akarudi nyuma ya mamake akasimama pale. Babake akabaki na mikono mitupu hajui aiweke wapi. Siku mbili nzima nilitega sikio ukutani bila aibu. Nilisikia vikombe, nilisikia wageni, nilimsikia mamake akiongea kwa niaba ya watu wawili. Sauti ya rafiki yangu sikuisikia.

Siku ya Idd, baada ya swala, mamake alituletea sahani ya pilau. Tukala. Tukiwa tunalamba vidole, ng'ambo ya ukuta gemu ikaanza kuimba. Niliacha kutafuna. Ikafuata sauti ya gari likiingia mtaroni. Kisha tena. Kisha, kwa sauti kubwa niliyoikosa karibu wiki mbili, "Baba! Huko ni mtaroni!"

"Mimi ni dereva miaka ishirini, binti!"

"Basi mbona waanguka?"

"Nipe gari jekundu, ndilo langu."

"Hapa yote ni ya jivu, baba!"

Wakacheka wote wawili, na nyanya upande wetu akacheka pia, kwa sababu ukuta ule haukuwa na siri. Nilifurahi hadi nikajipaliza pilau. Halafu muziki wa gemu ukaanza kuvuta, ukawa mzito, ukalegea, ukanyamaza. Mawe ya nyanya yalikuwa yamechoka. Kukawa kimya, nami nikajua kimya kile ni cha nani. Nikawaona akilini wawili wale mbele ya televisheni isiyo na picha, shikamoo imekwisha semwa, na mimi ndiye niliyeua adapta.

Mama akaosha sahani ya watu. Kwetu sahani hairudishwi tupu, kwa hiyo nyanya akajaza ndizi zilizoshuka juzi kutoka Sagalla, akaniwekea mikononi. "Nenda. Na leo pitia mbele."

Nilipitia mbele. Kwenye ngazi, pale pale penye jua kali, mawe sita yalikuwa yamelala mstari mmoja. Babake alikuwa ameketi pembeni yake, kanzu ameikunja magotini. Rafiki yangu alikuwa amesimama mbele yake anaongea kwa mdomo na mikono yote miwili. Alizungusha kitu hewani mara mbili. Akafunga fundo. Akarudi nyuma hatua moja, akasimama kwa majivuno kama mimi. "Halafu paa!" akasema, na babake akajishika mbavu.

Alikuwa anamsimulia habari za gunia. Nadhani alikuwa hajanyamaza tangu mawe yaanikwe juani, na hakuonekana mtu aliyekosa la kusema.

Akaniona. "Ndiye huyu," akamwambia babake.

Nikatoa shikamoo. "Marahaba," akasema yule bwana, akijifuta macho. "Kumbe wewe ndiye daktari wa homa."

Sikujua pa kutazama, kwa hiyo nikatazama chini. Mlangoni kulikuwa na foleni. Mbele makubadhi ya babake, nyuma yake viatu vipya vya Idd vya rafiki yangu, na nyuma ya hivyo ndara zangu za bluu. Zilikuwa zimeoshwa. Ule waya ulikuwa umetolewa, na mkanda umeshonwa kwa uzi.

"Zilikuwa hapa siku zote?" nikauliza.

"Zilikuwa foleni."

"Lakini ulisema nisikanyage hapa."

"Nilikuwa nimekukasirikia. Na bado nimekasirika kidogo." Akainama, akazisogeza ndara zangu mbele hatua moja. "Lakini umewahi kuona wapi mtungi wa jirani ukirukwa?"

Nikaweka sahani chini, nikaketi kwenye ngazi, upande wa pili wa mawe. Babake akasema hadithi ianze upya, maana mwenyewe sasa yupo. Rafiki yangu akaanza. Alisema nililifunga gunia mara tatu, na kwa kuwa ilikuwa mara mbili, ilibidi nimsahihishe.